Ruby Walsh na Ukoo Wake wa Wapanda Farasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayeanza kufuatilia mbio za farasi za kuruka viunzi huko Ireland na Uingereza hachukui muda kukutana na jina la Walsh. Baba alipanda, akafunza farasi, akatangaza mbio kwenye televisheni. Mwana akavunja rekodi karibu zote za Cheltenham, uwanja mkubwa wa mbio hizi huko Uingereza. Binti naye akaingia uwanjani, akapimana ubavu na wanaume. Haya ndiyo maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi, nasi tumeyajibu kwa kirefu pale panapostahili.

Ruby Walsh ni nani hasa?

Ni mpanda farasi mstaafu wa Ireland, aliyezaliwa Mei 14, 1979, akakulia Kill, kaunti ya Kildare. Jina lake kamili ni Rupert. Ruby ni jina alilorithi kwa babu yake. Alikuwa bingwa wa wapanda farasi wa Ireland mara 12, alishinda Grand National mara mbili, Gold Cup, mbio kuu ya Cheltenham, mara mbili, na kwa jumla alipata ushindi zaidi ya 2,500. Kwenye tamasha la Cheltenham, ambalo kwa watu wa mchezo huu ndilo kilele cha mwaka, alishinda mbio 59. Hakuna mpanda farasi mwingine aliyefika hapo. Mara 11 alimaliza tamasha hilo akiwa ndiye mwenye ushindi mwingi kuliko wenzake wote.

Mbio za kuruka viunzi zina tofauti gani na zile tunazoziona Ngong au Dubai?

Za Ngong, Nairobi, na zile za Dubai ni mbio za tambarare: farasi wanatoka langoni, wanakimbia umbali mfupi kiasi, hakuna kitu njiani. Hizi nyingine ni ndefu zaidi, kuanzia kilomita tatu na ushei hadi karibu saba, na njiani kuna vizuizi vya kuruka. Viunzi vidogo huwa na kimo kisichopungua mita 1.07. Vile vikubwa, vilivyoshindiliwa matawi ya miti, huanzia mita 1.37, na vingine vina mtaro mbele yake.

Asili yake ni Ireland yenyewe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 mabwana wawili wa kaunti ya Cork walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakielekea mnara wa kanisa na kuruka kila ua na kila mfereji uliowakalia njiani. Baadaye wanafunzi wa Oxford wakaiga mashindano ya namna hiyo kwa miguu yao wenyewe, na hapo ndipo zilipozaliwa mbio za kuruka viunzi na maji ambazo Wakenya wamezitawala miaka mingi kwenye Olimpiki. Kwa hiyo msomaji aliyewahi kumshangilia Ezekiel Kemboi si mgeni sana hapa.

Ukoo huu ulianzaje?

Babu, Ruby wa kwanza, alikuwa mtu wa farasi. Mwanawe Ted ndiye aliyelitangaza jina. Ted Walsh alipanda maisha yake yote akiwa mpanda farasi wa ridhaa, yaani bila kulipwa ada ya kupanda, na akawa bingwa wa daraja hilo nchini Ireland mara 11. Machi 1979 alishinda Champion Chase ya Cheltenham akiwa juu ya Hilly Way, akiwapiga wapanda farasi wa kulipwa katika moja ya mbio kubwa kabisa. Miezi miwili baadaye Ruby akazaliwa.

Ted alikuja kuwa mkufunzi mwenye zizi lisilo kubwa, na mchambuzi wa mbio kwenye televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, anayesema analolifikiria bila kuzungusha maneno. Nyumba nzima iliishi kwa kazi hiyo. Dada mkubwa, Jennifer, ndiye aliyekuwa wakala wa Ruby kwa miaka mingi: yeye ndiye aliyepokea simu za wakufunzi, akapanga nani apandiwe farasi wake na nani aambiwe hapana. Kaka mdogo, Ted mwenye jina la baba, alimwoa Nina Carberry, mpanda farasi kutoka ukoo mwingine mkubwa. Na kitinda mimba, Katie, tutamfikia.

Basi si alibebwa na jina la baba?

Swali hili linaulizwa kwa ukali, na ni haki kuuliza. Jina lilimfungulia mlango, hilo halina ubishi. Mtoto wa Ted Walsh hakuhitaji kuomba nafasi ya kupanda farasi wa mazoezi akiwa na miaka kumi. Farasi walikuwa uani. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1995 huko Gowran Park akiwa na miaka 16, ulitoka katika zizi la nyumbani.

Lakini mchezo huu una ukatili wake. Mmiliki aliyelipa pesa nyingi kununua farasi hajali wewe ni mtoto wa nani. Farasi wake akipoteza mbio kwa uzembe wako mara mbili, ya tatu atapanda mwingine. Ukoo ulimpa Ruby jicho: kumwona farasi akitembea kwenye uwanja wa maonyesho na kujua leo yuko vizuri au hayuko, kujua ni yupi anataka kuachwa atulie nyuma na ni yupi atagoma ukimzuia. Hayo hujifunzwa kwa miaka, na yeye alianza mapema kuliko wenziwe. Kushinda alilazimika kushinda mwenyewe.

Anayedhani bila ukoo huingii, amtazame Rachael Blackmore. Baba yake ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Tipperary, mama yake mwalimu. Mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kushinda Grand National, juu ya Minella Times, na mwaka uliofuata akashinda Gold Cup kwa A Plus Tard.

Mpanda farasi wa ridhaa anakuwaje bingwa wa kulipwa?

Ireland ina ngazi nzuri. Chini kabisa kuna mbio za vijana juu ya farasi wadogo, halafu kuna mbio za mashambani ambazo wapanda farasi wote ni wa ridhaa. Anayefanya vizuri huko huitwa na mazizi makubwa kupanda kwenye mbio zilizotengewa wa ridhaa katika viwanja rasmi. Kijana asiye na ushindi mwingi hupunguziwa uzito ambao farasi wake anabeba, ili wakufunzi wavutike kumpa nafasi.

Ruby alipita humo humo. Alikuwa bingwa wa ridhaa mara mbili, akashinda mbio yake ya kwanza ya tamasha la Cheltenham mwaka 1998 kwa Alexander Banquet wa mkufunzi Willie Mullins, kisha akageuka wa kulipwa. Msimu wa 1998/99, wa kwanza wake akiwa wa kulipwa, akawa bingwa wa nchi nzima. Alikuwa hajafikisha miaka 20.

Ilikuwaje Grand National ya mwaka 2000?

Kwanza tuseme mbio zenyewe. Grand National hukimbiwa Aintree, nje kidogo ya Liverpool, kila Aprili. Wakati ule walikuwa wakianza farasi 40 (tangu 2024 wamepunguzwa kuwa 34), umbali ulikuwa zaidi ya kilomita saba, vizuizi 30. Kuna Becher's Brook, ambako ardhi ya upande wa kutua iko chini kuliko ya upande wa kurukia. Farasi mwingi amepiga magoti pale. Kuna The Chair, kirefu kuliko vyote na chenye mtaro mpana mbele. Kumaliza tu ni jambo la kujivunia.

Vuli ya 1999 Ruby alivunjika mguu huko Pardubice, Jamhuri ya Cheki, akakaa nje miezi kadhaa. Alirudi msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Baba yake alikuwa na Papillon, farasi wa mama mmoja Mmarekani, aliyewahi kushika nafasi ya pili katika National ya Ireland mwaka 1998. Asubuhi ya mbio hizo, Aprili 8, watu wa kamari walianza kummiminia pesa Papillon, na malipo ya kumwekea dau yakaporomoka kutoka 33 kwa kila 1 hadi 10 kwa 1 kufikia wakati wa kuanza.

Ruby alikuwa na miaka 20 na hakuwahi kupanda Grand National hata mara moja. Ukitazama picha za mbio ile leo, kinachoshangaza ni utulivu. Kijana anakaa ndani, karibu na kundi la mbele, hamsukumi farasi, anamwacha Papillon ajipangie hatua zake kila anapokaribia kizuizi. Baada ya kizuizi cha mwisho wamebaki wawili: yeye na Mely Moss. Njia ya mwisho ya Aintree ni ndefu kupita kiasi, na farasi wengi waliokuwa wanaongoza pale wamekwama wakiiona tepe kwa macho. Papillon hakukwama. Alishinda kwa urefu wa farasi mmoja na robo.

Mwaka mmoja kabla, Grand National ilikuwa imekwenda kwa Bobbyjo, aliyepandwa na Paul Carberry na kufunzwa na baba yake Tommy. Miaka miwili mfululizo, baba na mwana kutoka Ireland. Na wiki mbili na siku chache baada ya Aintree, Ruby na Ted wakaichukua National ya Ireland pia, kwa Commanche Court.

Ni kweli alikuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja?

Kweli, na hapa ndipo mtu anapouona uzito wa kazi yake. Ireland alikuwa mpanda farasi mkuu wa Willie Mullins, mwenye zizi Closutton, kaunti ya Carlow. Uingereza alipanda kwa mkufunzi Paul Nicholls wa Ditcheat, Somerset. Kwa zaidi ya miaka kumi aliishi kwenye ndege, leo huku, kesho kule, hadi mwaka 2013 alipoachana na safari za kila wiki akabaki na Mullins.

Waajiri hao walikuwa na farasi bora kuliko wote. Ni raha, lakini ni mtihani pia, maana kila mbio kubwa alilazimika kuchagua. Mwaka 2008 Nicholls alikuwa na farasi wawili wa Gold Cup waliolala vyumba jirani: Kauto Star, bingwa mtetezi, na Denman, jitu lenye nguvu za ajabu. Ruby akamchagua Kauto Star. Denman akamchakaza, na aliyekuwa juu yake alikuwa Sam Thomas. Mpanda farasi mwenye kiburi angeyumba baada ya pale. Ruby alibaki na chaguo lake, na mwaka 2009 Kauto Star akarudi kuitwaa Gold Cup, farasi wa kwanza katika historia kupokonywa kombe hilo na kulirudisha.

Kwa wanaopenda kumbukumbu za msimu: mwaka 2004/05 alishinda National tatu, ya Wales kwa Silver Birch, ya Ireland kwa Numbersixvalverde, na ile ya Aintree kwa Hedgehunter. Ya Scotland aliikosa kwa chini ya urefu wa kichwa cha farasi.

Farasi gani alikuwa bora kuliko wote aliowapanda?

Ubishi hauishi. Hurricane Fly alimpa Champion Hurdle, mbio kuu ya viunzi vidogo kwenye tamasha la Cheltenham, mara mbili, 2011 na 2013. Quevega, farasi jike, alishinda mbio moja ya Cheltenham miaka sita mfululizo. Big Buck's alitawala mbio za viunzi za masafa marefu, mara nne mfululizo kwenye tamasha. Lakini sisi kura yetu ni ya Kauto Star. Alishinda King George ya Kempton, inayokimbiwa siku moja baada ya Krismasi, mara tano, zote na Ruby. Ile ya 2009 alimaliza akiwa mbele kwa urefu wa farasi 36. Na ya tano, 2011, aliipata akiwa na umri ambao wengi walikuwa wameshamwandikia kustaafu.

Ni nini kilitokea na Annie Power mwaka 2015?

Siku ya kwanza ya tamasha la Cheltenham, Machi 2015. Ruby na Mullins walikuwa wameshashinda mbio tatu siku hiyo: Douvan, Un De Sceaux, kisha Faugheen katika Champion Hurdle. Maelfu ya watu Uingereza na Ireland walikuwa wamewaunganisha hao watatu kwenye mkeka mmoja na wa nne akiwa Annie Power, farasi jike aliyeonekana hana mpinzani.

Anakuja kiunzi cha mwisho akiongoza, bila jasho. Anajitupa mapema mno, mbali na kiunzi, miguu ya mbele inagonga, na wote wawili wako chini kwenye nyasi. Mikeka ikachanika nchi nzima. Kampuni za kamari zilikadiriwa kuponea kulipa makumi ya mamilioni ya pauni. Mbio zikachukuliwa na Glens Melody, farasi mwingine wa Mullins, juu yake Paul Townend.

Ruby aliinuka, farasi aliinuka, wote wazima. Mwaka uliofuata Faugheen aliumia, Annie Power akaingizwa Champion Hurdle badala yake, Ruby juu ya tandiko, na akashinda akiwa ameviruka viunzi vyote bila doa. Wiki hiyo Ruby alishinda mbio saba, akisawazisha rekodi yake mwenyewe ya 2009.

Ameumia mara ngapi? Na kwa nini wanarudi?

Orodha yake ni ndefu; tutaje tu zinazojulikana. Mbali na mguu wa Pardubice, Novemba 2008 alianguka Cheltenham, bandama ikapasuka, akafanyiwa upasuaji ikatolewa. Chini ya mwezi mmoja baadaye alikuwa juu ya farasi. Novemba 2010 alivunjika mguu Down Royal, akarudi siku chache tu kabla ya Cheltenham ya 2011 na kushinda Champion Hurdle. Novemba 2017 mguu tena, Punchestown. Akarudi Machi 2018, na siku ya pili ya tamasha akaanguka na Al Boum Photo, mguu ule ule.

Kuanguka kunafunzwa. Kijana huambiwa aachie hatamu, ajikunje, akinge kichwa kwa mikono, na asinyanyuke hadi farasi wa mwisho apite, kwa sababu kwato za wanaokuja nyuma ndizo zinazoua. Kofia ngumu na fulana ya kinga ni lazima, na anayegongwa kichwa haruhusiwi kurudi hadi daktari aridhike. Hata hivyo hatari haiondoki. J.T. McNamara, mpanda farasi wa ridhaa aliyeheshimiwa sana Ireland, alipooza baada ya kuanguka Cheltenham mwaka 2013, akafariki 2016. Februari 2025 Michael O'Sullivan, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ameshashinda Cheltenham, alianguka Thurles na hakupona. Kwa wanaoumia Uingereza upo mfuko wa misaada ulioanzishwa mwaka 1964, baada ya wapanda farasi wawili kupooza ndani ya miezi michache.

Kwa nini wanarudi? Sababu moja haifichiki: farasi uliyemwacha hakusubiri. Ukikaa nje, mwingine anampanda, akishinda naye huenda hutamwona tena.

Je, lazima uwe mfupi na mwembamba?

Urefu si tatizo kubwa kama kwenye mbio za tambarare, ila mzani hauna huruma. Katika mbio nyingi za kuruka farasi hubeba kati ya kilo 63 na 75, na humo mna mtu, nguo na tandiko. Mwanamume mrefu mwenye misuli anayetakiwa kupima kilo 63 na ushei pamoja na tandiko anaishi na njaa. Zamani viwanja vya Uingereza vilikuwa na vyumba vya mvuke vya kutoa jasho kabla ya mbio. Vilifungwa wakati wa korona na havikufunguliwa tena. Tunaona ulikuwa uamuzi mzuri.

Analipwaje?

Kuna ada kwa kila mbio, ushinde ushindwe, na ukishinda unapata kama sehemu ya kumi ya zawadi. Hapo hapo toa fungu la wakala, la anayetunza vifaa, na mafuta ya gari. Wachache wa juu wanaishi vizuri sana. Wa chini wanaendesha gari saa tano kwenda kupanda farasi mmoja asiye na matumaini.

Tuambieni kuhusu Katie.

Katie Walsh angekuwa na jina kubwa hata kama asingekuwa na kaka. Cheltenham ya 2010 alishinda mbio mbili, mojawapo akimshinda Nina Carberry, wifi yake mtarajiwa. Mwaka 2012 baba alimpa Seabass katika Grand National. Walianza wakiwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa, wakamaliza wa tatu. Hadi wakati huo hakuna mwanamke aliyekuwa amefika juu hivyo. Rekodi hiyo ilisimama mpaka Blackmore alipoivunja. Mwaka 2015 Katie alishinda National ya Ireland kwa Thunder And Roses. Alistaafu Aprili 2018 Punchestown, mara tu baada ya kushinda, na wiki hiyo hiyo Nina naye akatundika mjeledi.

Waliokuwa wakisema wanawake hawana nguvu za kutosha kwa mbio hizi walipata jibu kutoka kwake kabla ya Blackmore. Tunaona hilo husahaulika upesi mno.

Ruby alistaafu vipi?

Mei 1, 2019, tena Punchestown, kilomita chache kutoka nyumbani. Alimpanda Kemboy katika Gold Cup ya hapo na akamshinda Al Boum Photo, bingwa wa Cheltenham wa mwaka huo, aliyepandwa na Townend. Alipomaliza alitangaza papo hapo kwamba amefika mwisho, wala hakupanda tena hata mbio zilizokuwa zimebaki siku ile. Alikuwa na miaka 39. Townend akarithi nafasi yake kwa Mullins, na amekuwa bingwa mara nyingi tangu hapo.

Anafanya nini sasa, na nianze kutazama mbio zipi?

Ni mchambuzi wa televisheni, kama baba yake, na ni hodari kwa sababu anakueleza mpanda farasi aliona nini hatua tatu kabla ya kizuizi. Kombe analopewa mpanda farasi mwenye ushindi mwingi Cheltenham sasa lina jina lake.

Ukitaka kuanza, tafuta video za mbio nne: Grand National ya 2000, King George ya 2009, Champion Hurdle ya 2016 na Punchestown ya 2019. Zitazame mara mbili. Mara ya kwanza mfuate farasi. Mara ya pili itazame mikono ya Ruby peke yake. Kwa mbio za moja kwa moja, Cheltenham ni siku nne za Machi, Aintree ni Aprili, na Punchestown huufunga msimu mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei.